Tovuti ipo, daftarini haimo

Mzee mmoja wa Jambiani, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita karibu na pwani, alinijia asubuhi hata chai sijamaliza. Simu mkononi, miwani kwenye paji la uso. "Mwanangu, hebu nitazamie. Nimelipa laki saba niwe wa kwanza Google. Mwezi wa tatu huu, na hata wa mwisho sijawa."

Nikadhani anatania. Nikaandika jina la nyumba yake lote, kama lilivyo kwenye kibao cha njiani. Zikaja kurasa za wauza vyumba wa nchi za nje, ikaja picha ya mlango wake iliyopigwa na mtalii, ikaja nyumba nyengine ya Paje yenye jina la kufanana. Tovuti yake mwenyewe haikuwepo ukurasa wa kwanza, wala wa pili, wala wa saba nilipochoka. Mzee alisema kweli bila ya kukusudia: hata wa mwisho hakuwa. Wa mwisho angalau yumo kwenye foleni.

Nakutana na shida hii kila mara, kwa wenye hoteli, kwa walimu, kwa wauza viungo. Tunasema "kuwa Google" kama kwamba ni jambo moja, kumbe ni matatu yanayofuatana: ukurasa wako ufikiwe, kisha uandikwe, kisha upangwe. Kila moja lina maradhi yake na dawa yake. Wengi wanalipa dawa ya la tatu wakati mgonjwa ni la kwanza au la pili.

Maneno machache kwanza, tusije tukapoteana njiani. Tovuti ni kurasa zilizowekwa kwenye kompyuta inayowaka usiku na mchana, tunayoiita seva, na kila ukurasa una anwani yake. Kivinjari, mfano Chrome, ni chombo cha kufungulia kurasa hizo. Injini ya kutafutia ni kitu chengine kabisa: ni programu unayoiuliza swali ikakuonesha kurasa zinazoweza kukujibu. Google ndiyo iliyozoeleka kwetu, na Bing ipo pia. Google si intaneti, kama vile mtu anayeijua mitaa yote ya Ng'ambo si mitaa yenyewe.

Sasa uzushi mkubwa kuliko wote, ambao hata vijana wa chuo kikuu wanao: kwamba ukibonyeza kutafuta, Google inatoka mbio kwenda kuzunguka mtandaoni ikuletee jibu. Haitoki. Inafungua daftari lake ililokwishaliandika kabla hujauliza. Wenyewe wanasema daftari hilo lina kurasa mamia ya mabilioni na uzito wake umepita gigabaiti milioni 100. Hakuna kinachoweza kuzunguka kurasa zote hizo wewe ukisubiri nusu sekunde. Unachotafutiwa ni nakala na kumbukumbu za Google kuhusu mtandao.

Anayejua kazi za sheha, yule kiongozi wa mtaa au kijiji huku kwetu Zanzibar, ameshaielewa nusu ya habari hii. Unaweza kuwa umejenga, umehamia, unapika na kufua, na majirani wote wanakujua. Lakini akija mtu wa ofisini kukuulizia, sheha hatoki kupita nyumba kwa nyumba. Anafungua daftari la shehia. Kama jina lako halimo, "huyu kwangu simpati", na mazungumzo yamekwisha. Nyumba yako ipo palepale na mlango wake uko wazi.

Mfano huu una pahala unapochechemea, niseme mapema. Sheha ana wajibu wa kukuandika. Google haina wajibu huo. Imesema waziwazi kwamba hata ukurasa uliotimiza masharti yote haudhaminiwi kufikiwa, kuandikwa wala kuoneshwa.

Buibui na uzi wake

Anayepita nyumba kwa nyumba kwa niaba ya Google ni programu inayoitwa Googlebot. Ya Bing ni Bingbot. Watu wa fani hiyo huziita buibui, na kwa Kiswahili jina hilo limekaa vizuri kuliko walivyotegemea wenyewe, maana ndani ya neno mtandao mna utando. (Hapa kwetu buibui ni vazi pia, na bibi yangu alipolisikia neno hilo aliuliza kama Google imeanza kuvaa heshima.) Kazi ya buibui huyu inaitwa kutambaa.

Anatambaa hivi. Anayo orodha ya anwani anazozijua tangu zamani. Anachukua moja, anaiomba seva impe ukurasa, kama simu yako inavyouomba. Anausoma. Kisha anakusanya viungo vyote vilivyomo, yaani yale maandishi au picha ambazo ukizigusa zinakupeleka ukurasa mwengine. Anwani asizozijua anaziweka kwenye foleni. Anachukua inayofuata, anaanza upya. Ndivyo anavyoshinda, ndivyo anavyokesha.

Kwa hiyo anapita penye uzi tu. Ukurasa usiounganishwa na ukurasa wowote ni kisiwa kisichopigiwa nanga na chombo. Kinaweza kuwa na mnazi na maji matamu, lakini nani atajua? Ipo njia ya pili: ramani ya tovuti, ambayo ni faili inayoorodhesha anwani za kurasa zako. Google iliianzisha 2005, na faili moja inabeba hadi anwani 50,000. Unaikabidhi kupitia Search Console, chombo cha bure cha Google kwa wenye tovuti. Lakini ramani hiyo ni kadi ya mwaliko wa harusi. Umemwalika mtu, hujamfunga kamba. Anaweza kuja baada ya siku chache, anaweza kuja baada ya wiki kadhaa, na kuna kurasa asizokanyaga kabisa.

Wala harudi kila pahala kwa kasi moja. Ukurasa wa habari unaobadilika kila saa anaurudia mara kwa mara, ukurasa uliolala anaupa muda. Ndiyo maana unaweza kuona kwenye matokeo nauli ya boti ya Pemba ya zamani, ukafungua ukurasa wenyewe ukakuta nauli mpya. Mwenye ukurasa hajakudanganya. Daftari ndilo lililochelewa. Na kama seva yako ni ya bei ya kutupa, imezimika kila buibui anapobisha hodi, atapunguza kuja, na mwisho atakufuta kwa kudhani umehama.

Kuna malalamiko nayasikia sana Chake na Wete, kwamba Google haina habari za Pemba. Ukiandika "karafuu za Pemba" zinakuja kurasa za watu wasiowahi kuona mkarafuu ukipandwa na mchumaji. Wengine wanahisi wanabaguliwa. Mimi nasema tujitazame tunavyouza. Biashara yetu imo WhatsApp. Muuza ng'onda ana kundi la wateja 300, anaweka picha asubuhi, adhuhuri mali imekwisha. Ni biashara safi, sina neno nayo. Lakini buibui si mwanachama wa kundi lile, na hakuna atakayemwingiza. Hawezi kuingia popote panapodai nambari ya siri. Basi maneno yote ya Pemba, bei zake, misimu yake, majina ya samaki wake, yanasemwa nyuma ya mlango uliofungwa, na aliyeko Hamburg akiuliza anajibiwa na yule aliyeandika hadharani, hata kama aliandika akiwa London na hajui mpeta ni nini.

Usemi wa "usiniandike"

Mwenye tovuti anaweza kumzuia buibui. Njia kongwe ni faili ndogo iitwayo robots.txt, iliyobuniwa na Martijn Koster mwaka 1994 na kupitishwa kuwa kiwango rasmi cha intaneti mwaka 2022. Inakaa mlangoni pa tovuti na kusema: chumba hiki pita, kile usiingie. Buibui wenye adabu wanaitii. Lakini ni pazia, si kufuli. Mwizi haombi ruhusa kwa pazia. Tena faili lenyewe linasomwa na yeyote, kwa hiyo anayeficha nyaraka kwa kutegemea robots.txt ni sawa na aliyebandika karatasi ukutani: "Msitazame chini ya mkeka."

Hili nalisema kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimeona orodha za watu, majina, nambari za vitambulisho na simu zao, zimewekwa mtandaoni kwa PDF na mhusika akaamini ni siri kwa kuwa ukurasa wa mbele hauzitaji. Buibui anasoma PDF pia. Uzi mmoja tu ukielekea kule, kutoka popote duniani, umekwisha. Jambo la siri linawekwa nyuma ya nambari ya siri au haliwekwi kabisa.

Kuna agizo jengine, noindex, linaloandikwa ndani ya ukurasa wenyewe. Maana yake: soma ukitaka, lakini usiniandike daftarini. Hapa pana mtego unaowanasa hata mafundi. Mtu anaweka noindex, kisha kwa kujihami zaidi anamfungia buibui mlango kwa robots.txt. Buibui haingii, kwa hiyo halioni agizo. Akisikia anwani ile inatajwa na tovuti nyengine, anaweza kuiandika vilevile, anwani tupu bila maelezo. Umemwandikia sheha barua ya kumwomba asikuandike, ukaifungia kabatini.

Na mzee wangu wa Jambiani? Tovuti yake imetengenezwa kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti. Humo kwenye mipangilio mna kisanduku kidogo cha kutia vema, kinachoziomba injini za kutafutia zisiandike tovuti hii. Fundi hukitia vema wakati wa ujenzi, na ni adabu nzuri, nyumba isionekane na wageni kabla ya kupakwa chokaa. Ukimaliza unakiondoa. Aliyemjengea mzee alimaliza, akakabidhi, akalipwa, kisanduku kikabaki na vema yake. Baadaye akatokea mtu mwengine kabisa, akachukua laki saba kumsukuma awe wa kwanza mtu ambaye mlangoni pake pameandikwa "usiniandike".

Sina haki ya kumcheka fundi yule. Mimi mwenyewe niliwahi kuijengea tovuti skuli moja, nikaacha vema hiyohiyo kwa wiki tano, na kila mwalimu mkuu aliponipigia nilimwambia "Google inachukua muda, mwalimu". Inachukua muda kweli. Lakini si ule.

Kujua kama umo daftarini huhitaji kumlipa mtu. Andika kwenye kisanduku cha kutafutia neno site, nukta pacha, kisha anwani ya tovuti yako bila ya nafasi katikati, hivi: site:tovutiyangu.co.tz. Zitakuja kurasa zako zilizoandikwa. Hesabu yake si kamili, lakini ikirudi mikono mitupu, usiseme neno juu ya kuwa wa kwanza. Rudi nyuma kwanza.

Ndani ya daftari

Daftari hilo lina jina lake, faharasa, na waliosoma chuoni wanalijua umbile lake. Kuna vitabu vya faharasa ya maneno ya Qur'ani: unakwenda kwenye mzizi wa neno, unaoneshwa kila sura na kila aya lilipotajwa. Hukisomi kitabu kizima kutafuta neno moja. Aliyekuandalia amekwishakisoma kwa niaba yako, akakigeuza: badala ya kurasa zenye maneno, amekupa maneno yenye kurasa.

Tuchukue kurasa tatu tu. Wa kwanza unasema "karafuu za Pemba zinauzwa Wete". Wa pili, "boti ya Wete imechelewa". Wa tatu, "karafuu na mdalasini Darajani". Faharasa inaandika: karafuu, ukurasa wa kwanza na wa tatu. Wete, wa kwanza na wa pili. Darajani, wa tatu. Ukiuliza "karafuu Wete", mashine inachukua orodha mbili, inazilaza pamoja, inaona ukurasa wa kwanza umo kote kuwili. Kwisha. Zidisha hayo kwa mabilioni, ongeza pahala neno lilipokaa, kama ni kwenye kichwa cha habari au chini kabisa, na unaelewa kwa nini jibu linakuja kabla hujakohoa.

Kwa Kiswahili kazi ina nongwa zake. Maneno yetu yanaota kichwa mbele: uza, anauza, wameuza, zinauzwa, muuzaji. Karafuu, mkarafuu, mikarafuu. Mashine inayoyatazama kama vipande vya herufi itaona wageni watano pale ambapo wewe unaona ukoo mmoja. Hali imekuwa bora kuliko zamani. Mwaka 2019 Google ilianza kutumia mfumo wa BERT, unaolisoma neno pamoja na majirani zake badala ya kulitenga peke yake. Hata hivyo mashine inajifunza kutokana na maandishi, na maandishi ya Kiswahili mtandaoni ni machache ukiyaweka karibu na ya Kiingereza. Ya Kiunguja na Kipemba ndiyo kabisa.

Hapa ndipo ninapowagombeza wafanyabiashara wetu kwa mapenzi. Unauza tungule, umeandika tungule kila pahala, na mteja wa Dar anaandika nyanya. Unauza mbatata, yeye anatafuta viazi. Una skuli ya chekechea, mzazi aliyehamia kutoka bara anaandika shule. Usiache tungule, kwa hisani yako, lugha ni yetu. Lakini penye nafasi andika "tungule, au nyanya kama wasemavyo wengine", sentensi ya kawaida inayosomeka, na neno la pili nalo litaingia daftarini. Vivyo hivyo urojo: mgeni amesikia ukiitwa Zanzibar Mix, na hilo ndilo atakaloandika.

Orodha ya bei iliyotengenezwa kama picha ya rangi kumi na kupandishwa kwenye tovuti ina bahati nasibu. Mashine hubahatisha kuyasoma maandishi yaliyo ndani ya picha, lakini maandishi yaliyoandikwa kama maandishi hayabahatishwi. Na wenye kampuni za matembezi, ile aya ya visiwa vya marashi ya karafuu mnayonakiliana nyote, neno kwa neno, Google inaijua. Ikikuta kurasa zinazofanana sana huchagua mmoja kuwa ukurasa mama na kuwaacha wengine nje ya mlango.

Nani atajwe mwanzo

Kaa kwenye baraza lolote la Mji Mkongwe, ulizia fundi wa milango ya nakshi. Watu watano watakupa majina matatu. Hutachukua jina lililotajwa kwa sauti kubwa. Utatazama nani amelitaja. Akisema seremala mstaafu aliyefanya kazi hiyo miaka arubaini, neno lake lina uzito wa mizani nyengine. Akisema kijana anayetaja kila fundi anayepita, unamshukuru na kunywa kahawa yako.

Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko California, waliligeuza wazo kama hilo kuwa hesabu. Mradi wao wa 1996 waliuita BackRub, na kampuni ya Google ikaundwa 1998. Kabla yao injini nyingi zilitegemea zaidi kuhesabu maneno, na wajanja wakajua: andika "hoteli" mara mia mbili kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, msomaji haoni, mashine inaona. Wao wakauliza: nani anakutaja? Waliliazima kwa wanachuoni, ambao hupima andiko kwa idadi na hadhi ya wanaolinukuu. Hesabu hiyo ni PageRank, na Page hapo ni jina la mwenyewe pia.

Inakwenda hivi, kwa kurahisisha. Kila ukurasa una uzito, na uzito huo unagawiwa sawa kwa kila kiungo unachotoa. Ukurasa wenye uzito wa 60 ukielekeza kwa watu watatu, kila mmoja anapata 20. Ukurasa wenye uzito wa 100, mkubwa zaidi, ukielekeza kwa watu hamsini, kila mmoja anaambulia 2. Utasema: na huyo mwenye 60 alipewa na nani? Na wanaomtaja yeye. Na hao je? Ndiyo maana hesabu inarudiwa tena na tena mpaka nambari zitulie, kama wazee wanaobishana barazani mpaka magharibi.

Ukilijua hilo, biashara ya "viungo 1,000 kwa laki moja" inakuvunjia heshima. Ni mashahidi wa kukodi. Kurasa zinazomtaja kila anayelipa hazina uzito wa kukupa, na tangu 2012, kwa mabadiliko yaliyopewa jina la Penguin, Google imekuwa ikizisaka kwa makusudi. Nyengine ni ile ya kujaza maneno kwenye sehemu ya siri ya ukurasa iitwayo "keywords". Google ilitangaza 2009 kwamba haiitazami katika kupanga. Bado kuna watu wanaiuza.

Viungo havifanyi kazi peke yao siku hizi. Google inapima maana ya swali, lugha, pahala ulipo, kama ukurasa unasomeka kwenye simu (ni sura ya simu ndiyo inayosomwa mwanzo), na uhitaji wa habari mpya. Hili la mwisho ni tamu. Ukiuliza usiku wa kuamkia Idi kama mwezi umeandama, jibu la mwaka jana ni bure hata likiwa limeandikwa na mufti. Ukiuliza jumba la Beit al-Ajaib la Mji Mkongwe lilijengwa lini, jibu ni 1883, na ukurasa wa miaka kumi nyuma unatosha. Lakini Disemba 2020, sehemu ya jengo hilo ilipoporomoka, maneno yaleyale yaligeuka kuwa swali jengine. Hakuna aliyetaka habari za Seyyid Barghash, sultani aliyelijenga, wiki ile. Watu walitaka kujua nani yumo chini ya kifusi.

Pahala napo kunawapotosha wengi. Mtu anakaa sebuleni kwake Jambiani, anaandika "nyumba ya wageni", anajiona wa kwanza, anafurahi. Simu inajua uko wapi. Mgeni yuko Milano na anaandika Kitaliano. Matokeo ya kwenye ramani yana mizani yake: unahusiana vipi na swali, uko umbali gani, unajulikana kiasi gani. Kujiandikisha kwenye ramani hiyo ni bure, na kwa nyumba ya vyumba sita nadhani kuna faida kuliko nusu ya mambo mengine niliyoyaeleza.

Je, unaweza kulipa? Unaweza kununua tangazo, nalo hukaa juu na alama ya kuwa limedhaminiwa. Ukiacha kulipa, linashuka siku hiyohiyo. Matokeo ya kawaida Google inasema haiuzi nafasi yake, na inawaonya watu kwamba hakuna awezaye kumdhamini mtu kuwa wa kwanza. Anayekuahidi hivyo ni papasi wa bandarini: anaweza kukufikisha hoteli nzuri, anaweza kuwa mchapakazi, lakini hoteli si yake na ufunguo hana. Wapo wanaofanya kazi hii kwa uaminifu. Wanakurekebishia vichwa vya kurasa, wanakupunguzia uzito wa picha, wanakwambia uandike nini. Utawajua kwa kuwa hawataji nambari.

Yale majibu yanayoandikwa na akili mnemba juu ya matokeo, yanachota kwa sehemu kubwa kwenye kurasa hizihizi. Aliye nje ya daftari hachotwi.

Niliondoa vema kwenye kile kisanduku, nikakabidhi ramani ya tovuti, nikamwambia mzee asubiri. Siku ya tisa akanipigia: jina lake linatokea, la kwanza. Akajaribu sasa "nyumba ya wageni Jambiani" kwa Kiingereza, kwa simu ya mjukuu wake aliyeko Sweden, na akajikuta ukurasa wa nne. "Na huyu wa kwanza," akauliza, "kalipa ngapi?"

Tukakaa tukatazama nani anamtaja huyo wa kwanza. Wazamiaji wa pale pale kijijini, mwandishi wa safari wa Ujerumani, chama cha akina mama wanaolima mwani. Wa mzee hakuna hata mmoja. Ila kwenye ukurasa wa skuli ya kaiti ya jirani yake, wanaofundisha kuteleza baharini kwa kuvutwa na tiara, palikuwa na sentensi moja: wanafunzi wetu wengi hulala nyumba ya mzee hapo mkono wa kulia. Jina lipo, kiungo hakipo. Unagusa, hakupelekwi popote.

"Hapo tu?" akasema. "Watu hao nawapa maji ya kisima mwaka wa nne huu." Akavaa makubadhi yake akatoka kwa miguu.